Stendi Nzito ya Taa za Krismasi

Jumamosi, 7 Desemba 1996

Shule imefungwa, na nimepewa kazi! Dada Anneth, katibu wa vijana kanisani, amesema mwaka huu picha ya taa za Krismasi nitapiga mimi. Ikitoka vizuri itawekwa kwenye kalenda ya usharika. Ikiharibika basi, kwa sababu taa zitawashwa usiku wa mkesha wa Krismasi tu. Nilijibu "ndiyo" kwa sauti ndogo hadi akauliza tena.

Mwaka jana nilishika kamera ya Baba mkononi. Taa zikatoka zimejivuta, zimejikunja. Kaka Loishiye akawaonyesha wanakwaya wenzake wote: "Mdogo wangu kapiga picha ya tambi!" Sijasahau.

Kitabu cha maktaba kinasema usiku flashi haisaidii. Unaacha lenzi wazi sekunde kadhaa, na kamera isitikisike hata kidogo. Kwa hiyo — stendi. Ya miguu mitatu, na iwe imara kweli.

Jumanne, 10 Desemba

Mjini na Loishiye. Maduka yamejaa vitu vya Dubai! Baba husema zamani hata sabuni ilipangiwa foleni. Leo stendi za kamera ziko dirishani, zinang'aa.

Muuzaji alifungua moja kama anafungua mwavuli. Chukua hii, mrembo, nyepesi, hata mtoto anabeba. Nikaomba glasi ya maji.

"Una kiu?"

Nikaiweka juu ya stendi, nikapiga sakafu kwa mguu. Maji yakacheza. Yakaendelea kucheza. Nikaukandamiza mguu mmoja, kipande cha chini kikarudi ndani chenyewe!

"Kaka," muuzaji akamwambia Loishiye, "huyu dada yako ni mkaguzi wa serikali?"

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini sikununua.

Alhamisi, 12 Desemba

NIMEIPATA. Ni mtaani Ngarenaro, kwa Mzee Manase anayeuza vyuma chakavu. Ilikuwa nyuma ya mlango wa gari. Miguu ya mbao, ncha za chuma za kukita ardhini. Ilikuwa ya wapima ardhi. Mzee Manase alinionya kabisa: hii si ya picha za harusi, binti yangu.

Nikaomba maji tena. (Mara ya pili si ngumu kama ya kwanza.) Nikapiga mguu chini. Maji yalitikisika kidogo tu, yakatulia.

Hela yangu ya kuuza mayai imekwisha yote. Loishiye aliibeba begani huku analalamika njia nzima. Ati kweli nitakwenda nayo kanisani? Watu watadhani tumekuja kupima kiwanja cha mchungaji! Nilicheka. Najua nilichochagua.

Alhamisi, 19 Desemba

Tatizo: skrubu ya stendi ni nene, tundu la kamera ni dogo. Nilichora bamba la chuma lenye tundu kubwa chini na skrubu nyembamba juu, nikampelekea fundi. Leo limekuwa tayari. Skrubu ilizidi urefu kidogo, ingegusa tumbo la kamera. Nikakata kipande cha mpira kwenye kandambili kuukuu, nikakiweka katikati. Imekaa! Loishiye aliitikisa, akaitikisa tena. Kisha akaiacha ilivyo. Kwake hiyo ni sifa.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Niandike ya jana kabla sijasahau.

Mgao wa umeme ulituangukia, kwa hiyo taa ziliwashwa kwa jenereta. Nilisimamisha stendi barazani. Mara nikahisi kitu nyayoni — sementi nzima inatetemeka kwa jenereta! Nikahamia kwenye udongo, kando ya maua. Mzee Abdiel, mzee wa kanisa, akanikuta: unakanyaga maua ya nani, wewe?

"Shikamoo mzee. Pale baraza linatetemeka."

Nilisema mwenyewe! Akaenda, akaweka kiganja sakafuni, akarudi na kusogeza maua kwa mikono yake.

Nikakita ncha za chuma ardhini. Nikabonyeza waya wa kufyatulia kamera bila kuigusa, lenzi ikafunguka. Nikiachia tu, inajifunga. Na hapo hapo nani anakuja? Koko Namnyaki, bibi yangu, kutoka kijijini, na fimbo yake. Koko hasalimiwi kwa mbali. Anainamishiwa kichwa, akiguse.

Nikainama pale pale, waya mkononi. Akaweka kiganja kichwani kwangu. Akauliza, mbona simfuati ndani?

"Koko, nikiachia sasa, taa zitakatika pichani."

Akazitazama taa, akaitazama stendi. "Basi usiachie." Wala hakuondoa mkono. Watoto walikuwa wanakuja mbio kutoka upande wa jikoni. Akainua fimbo: "Simameni hapo! Mjukuu wangu yuko kazini!"

Uwanja wote ukatulia. Hata wanakwaya. Hata Loishiye.

Nikaachia. Nikapiga na nyingine, lakini jenereta lilikuwa limeanza kukohoa, taa zikafifia. Ya kalenda ni ile ya Koko.

Ila — nilipoinama, niliuvuta waya? Ulikuwa umelegea. Nadhani ulikuwa umelegea.

Jumamosi, 28 Desemba

Niko kwenye benchi la studio mjini, naandika huku nasubiri. Mkanda umeshasafishwa. Loishiye yuko karibu na kaunta. Dada Anneth naye amekuja, hataki kusubiri hadi kesho.

Kijana wa studio anapanga picha, moja moja. Shangazi kwenye harusi. Kuku wangu. Amefika kwenye moja, amesimama. Ameipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Amemwita mwenzake.

Sioni kitu nikiwa hapa.

"Hii ya taa kapiga nani? Imetulia kweli!"

Loishiye amenigeukia. Amefungua mdomo anijibie, kama kawaida yake. Nimesema, "Ni mimi." Kwa sauti. Watu wote dukani wamegeuka, na mimi nimeshasimama, kalamu bado —