Maswali kutoka Uyole

Igowole, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Tupokigwe,

Hujambo? Huku tunaendelea vizuri, ila mama anakohoa kwa sababu ya ukungu. Barua hii nampa kondakta wa basi kama kawaida. Kwenye simu ningecheka tu, nisikujibu.

Haya, majibu yako. Napenda nini? Napenda saa ile kabla ya jua, ninapoingia kwenye mianzi ya marehemu baba na kisu changu. Huoni mbele wala nyuma, unasikia tu pombe ya ulanzi ikidondoka ndani ya mbeta za kukingia, kila mwanzi na sauti yake. Wakati mwingine nasimama pale nikasahau nilichofuata.

Ndoto yangu? Ni ile ile niliyokusimulia tulipolala bweni moja shuleni. Natembea juu ya ukungu kama juu ya blanketi, miguu mitupu, na sianguki.

Umeuliza kama naweza kuishi mbali na hapa. Msimu wa ulanzi siwezi hata kulala ugenini. Ncha ya mwanzi inachongwa asubuhi na jioni, ukiiacha inakauka na ulanzi ndiyo basi. Kuna wanaume waliwahi kuniambia niache mianzi. Niliwaacha wao.

Wewe je, bado unaogopa radi?

Dada yako,
Kalista


Uyole, 9 Februari 2024

Dada Kalista mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa mama, mwambie anywe tangawizi. Hapa viazi vimejaa sokoni, na malori yanaunguruma hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Radi naiogopa bado, kaka yangu Asukile ananicheka kila siku. Barua yako niliisoma kwa sauti tukichambua maharage.

Maswali ya safari hii: ukiwa na huzuni unafanya nini? Mtu asiyezaliwa huko anaweza kufundishwa kugema? Na je, una kaka?

Mdogo wako,
Tupokigwe


Igowole, 21 Aprili 2024

Tupokigwe,

Natumaini mu wazima. Nimekaa kimya, najua. Kwanza nilikasirika, halafu nikalia, halafu mvua zikawa nyingi.

Nina kaka? Wewe ndiye uliyenishika mkono siku tunamzika kaka yangu Fred. Ulilala kwetu wiki nzima, ukavaa sweta lake kwa sababu ya baridi. Wewe huwezi kuniuliza hivyo. Nimewaza sana huko kwenye mianzi, ni nani anayeuliza kwa mkono wako? Na nani anahitaji kujua kama nina kaka, isipokuwa mtu anayetafuta mlango wa kupelekea posa?

Nilidhani nakujibu wewe. Nimekuandikia mambo ambayo hata mama hajui. Niambie ukweli.

Kalista


Uyole, 3 Mei 2024

Dada,

Nakusalimu kwa aibu. Ni Asukile. Siku ile ya maharage aliniomba nisome tena pale pa ukungu. Tangu hapo, nikishika kalamu, yeye yuko mlangoni: muulize hili, muulize lile. Lile la kaka alilitaja maziwa yakiwa yanataka kumwagika jikoni, nikaliandika bila kufikiri. Nisamehe.

Nilipomsomea ya Fred alitoka nje, akakaa na ng'ombe wake hadi giza likaingia. Leo amepanda basi la alfajiri kuja huko. Nimemwambia mtu hajiposei mwenyewe, hutuma mshenga. Hasikii.

Safari hii sina swali.

Mdogo wako, kama bado,
Tupokigwe


Igowole, 9 Juni 2024

Tupokigwe wangu,

Hamjambo, wewe na ng'ombe? Pole kwa kukamua peke yako. Mama kikohozi kimeisha.

Asukile alifika pamoja na ukungu. Nilimsikia akiuliza njia kabla sijamwona. Nilimpa kisu, sikumpa kiti. Alichonga nene mno, akaharibu ncha nzuri kabisa, nikamgombeza, akacheka, na mimi nikajikuta nacheka. Amelala kwa baba mdogo Sedekia hadi msimu umeisha, na kila alfajiri alikuwa amenitangulia kwenye mianzi. Hakuniuliza niache. Aliuliza tu Desemba, msimu ukianza tena, atavaa nini, maana baridi ya huku imemtesa.

Alipotaka kuzungumza na mama, mama alimkatisha. "Hapa hatuongei na mwenye shida yake. Mshenga wako yuko wapi?" Mama akanigeukia. "Yule binti wa Uyole anayeulizauliza, si ndiye mshenga? Aje."

Kwa hiyo jiandae. Fred ndiye angekupokea mlangoni. Mama amesema atakupokea yeye, na ameshalifua lile sweta la Fred alivae siku hiyo. Nililiona kwenye kamba, nikakaa chini ya mianzi nikalia, lakini si kwa huzuni.

Njoo uulize mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya mama. Jibu utalipata hapo hapo. Mimi sitaki kuliandika mapema.

Wifi yako,
Kalista