Kalamu Niliyoitoa Yiti

Maskati, Jumamosi, Mei 1968

Joto la leo halisemeki. Majabali yanayouzunguka mji yamekunywa jua tangu asubuhi, na sasa yanatutapikia. Lakini si joto lililoniudhi. Nimejiudhi mwenyewe.

Meli ya posta inaondoka kesho. Mhariri wa Mombasa, anayenunua makala zangu za safari moja moja, ameniandikia kwamba akipata ya Yiti kwa meli hii atanipa safu yangu ya kila mwezi. Asipoipata, safu anampa mtu mwingine. Miaka minne hii tangu tuhame Unguja, safu hiyo nimeitamani kuliko bangili ya dhahabu.

Basi juzi nikapanda punda na kaka yangu Salum, tukavuka milima hadi Yiti, kijiji cha wavuvi. Salum alikaa na wanaume, mimi nikaingizwa kwa wanawake. Tende zikaja, kahawa ikaja. Kisha mwenye nyumba, mama mmoja mwenye sauti nzito, akaniuliza habari za nilikotoka. Huku hiyo ni ada: unajibu hakuna ila kheri, nawe unauliza zao, nao wanajibu vivyo hivyo. Mazungumzo yenyewe yanafuata baadaye, taratibu.

Ada hiyo naijua. Lakini mama alipofungua kinywa kunijibu, nikaona makala yangu hiyo inakuja. Nikatoa daftari na kalamu.



Wakashusha shela usoni. Mmoja akamvuta binti yake nyuma ya mgongo wake. Mwenye nyumba akaweka dele la kahawa chini, akaniuliza kwa Kiarabu, pole pole: "Nani kakutuma?"

Nilicheka, nikaeleza, nikaapa. Haikufaa kitu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema; mwenyeji wangu mimi nilimwacha mgonjwa.

Jana niliporudi, shangazi yangu, ambaye nakaa kwake, alinicheka mpaka akajifuta machozi. "We mtoto, nyumba ya watu unaingia na kalamu kama karani wa forodha? Nnakwambia, hata kuku wangu ningewaficha!"

Nikacheka naye. Asubuhi ya leo nikakaa kuandika, nikaandika uongo mtupu: wanawake wa Yiti wanatabasamu, wanaimba, wananihadithia mambo yao. Kurasa tatu. Nani Mombasa atajua?

Ukurasa wa nne ndipo nilipokumbuka. Unguja, mwaka ule wa sitini na nne, wanaume wawili waliingia kwetu na karatasi, wakaandika majina yetu. Mama yangu, mtu asiyenyamaza hata akila, alinyamaza. Akashusha ushungi wake, akanivuta nyuma ya mgongo wake. Nilikuwa mwalimu mzima, na bado alinificha.

Mimi niliyeyaonja hayo ndiye niliyekwenda kuwaonjesha wenzangu. Naona haya.

Kurasa nimezichana. Meli iende zake, na safu iende nayo. Inaniuma, sitajidanganya.

Alfajiri Salum atanipeleka tena Yiti. Kanuna, lakini kakubali. Nachukua sahani ya halwa, daftari nalifungia sandukuni. Nitakunywa kahawa, na nikiulizwa habari nitajibu hakuna ila kheri, kisha nitaomba radhi. Makala ikitaka kuja, itakuja kwa miguu yake.

Na mama yule akiniuliza tena nani kanituma, safari hii jibu ninalo.

Mama yangu.