Kola ya Shingo Niliyoazima

Mshauri wangu, naandika nimechoka, hata mkono huu ulioshika kalamu unauma. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani sare za shule, na tangu mwaka jana shingo na mabega yananiuma bila kuanguka wala kugongwa, nikapigwa picha ya eksirei hospitalini wakasema mifupa mizima, nikafurahi, kumbe picha ile ndiyo iliyonimaliza, maana mume wangu aliishika akasema, "Si umeona mwenyewe huna kitu?" na mama mkwe akaongeza kwamba maumivu yangu yana akili, huja vyombo vikiwa vichafu. Nikaenda kwa tabibu wa uti wa mgongo, akaninyoosha taratibu, akanieleza kuwa mtu huumwa kweli hata bila jeraha, mishipa ya fahamu ikishazoea kupiga kelele, na kwamba nitembee, nijinyooshe, nisiinamie cherehani kutwa. Lakini hayo nyumbani nani angeyaamini? Nikaazima kola ya shingo, ile ngumu ya hospitali ya kuzuia shingo isisogee, kwa jirani aliyewahi kupata ajali, nikaivaa, nikasema nimepewa na tabibu. Mshauri, siku hiyohiyo mume akaosha vyombo! Mama mkwe akanipa pole! Sasa sijaivua, shingo imekauka kama ubao, inauma kuliko mwanzo, nikiivua wataniita mwongo, nikiendelea nayo sitashona tena. Nifanyeje?

Mama Cherehani

Mama Cherehani, pole, na hii si pole ya kola. Maumivu yasiyoonekana yanachosha mara mbili: kuyabeba na kuyatetea. Lakini dada yangu, tabibu anakwambia sogea, wewe unajifunga! Ulitafuta ushahidi, sasa ushahidi unakukaba.

Ivue leo, kabla hujafumaniwa. Mwambie mumeo mkiwa wawili: kola ni ya uongo, maumivu ni ya kweli. Atanuna, mwache anune. Akimaliza, nenda naye kwa tabibu akasikie kwa masikio yake. Kwenye cherehani, shona kidogo, inuka, zungusha mabega, rudi. Siku ukiamka mzima usivamie viporo vyote vya kazi, maana kesho yake utalala hoi. Ukiona ganzi mikononi au nguvu zinapungua, kimbilia hospitali. Siahidi kwamba utapona upesi. Siku mbaya zitarudi, nawe utaendelea.

Mama mkwe achana naye kwa sasa. Kola mrudishie jirani. Mumeo ameweza kuosha vyombo kwa ajili ya kola; avioshe na kwa ajili yako.