Karanga za Kopo la Tenisi

Debora mdogo wangu,

Kwanza ujue unaandikiwa na bingwa. Kaka yako, na goti lake hili bovu, ameshinda mashindano ya kutembea mashambani, na watu wa Louisville na wa Buffalo amewaacha nyuma wote.

Haya, watu wenyewe walikuwa watoto wangu wawili na mjukuu mmoja. Na aliyekuwa nyuma ni mimi. Lakini kama usingenijua ungeamini, na hiyo ndiyo raha ya kuandika.

U mzima? Na shemeji, yule mume wako mkoromaji, kifua kimepona au bado anakitumia kukwepa kulima? Mimi niko salama, bado niko huku Marekani, Reynoldsburg hapa pembeni ya Columbus, chumba kile kile, dirishani naona duka na magari ya watu. Ugali napika mwenyewe. Unaungua kidogo, nakula.

Sasa habari yenyewe. Tangu mama Eliya atutoke, watoto hawanipi nafasi. Eliya anataka nihamie kwake Lackawanna, kule Buffalo, ambako theluji inafika dirishani, na yeye na mke wake wanashinda kiwandani. Nikae na televisheni siku nzima, mlango umefungwa. Furaha naye anataka nihamie kwake Louisville, ili alale akijua nimemeza dawa. Wananigombania kama mpira, na mpira hakuna anayeuuliza unataka kwenda wapi. Mimi nataka kubaki hapa. Kanisani naenda kwa miguu, na jirani yangu mzee Sospeter namfunga drafti kila jioni mpaka ananuna.

Basi juzi juzi wakaja wote. Keza, binti wa Furaha, yule ambaye ukimsalimia Kiswahili anakujibu Kiingereza, akaleta mchezo. Watu huku wanaficha vikopo mashambani, simu inakuonyesha njia, ukikiona kikopo unaandika jina lako kwenye kikaratasi kilichomo, unachukua kitu na wewe unaweka kitu. Njia hii waliitengeneza wapenda michezo, kila kopo na mchezo wake. Nikaona nafasi yangu. Nikawaambia, "Nikitembea kwa miguu yangu mpaka kopo la mwisho, mnaniacha Reynoldsburg."

Eliya akacheka. "Sawa, baba. Ukishindwa unapanda gari langu kesho."

Tukashikana mikono.

Mashamba ya huku, Debora, si kama yetu. Mahindi na soya mpaka macho yanachoka, na hakuna mtu hata mmoja wa kumwamkia. Kopo la kwanza, la mpira wa miguu, lilikuwa chini ya kidaraja. Keza akachukua filimbi, akaacha beji. La pili, la tenisi, kwenye shimo la mti. Mle ndani kulikuwa na kijimpira kimoja tu. Keza akakichukua, akafunga kopo, tukaondoka.

Nikamuuliza Furaha, "Mbona hajaweka kitu?"

"Hana kingine, baba. Twende."

Nikaenda, lakini ni miguu tu iliyokwenda. Chombo cha watu kimetupatia kitu, sisi tunakirudisha kitupu. Wewe unajua tulivyolelewa. Sahani ya jirani ikija na maharage, inarudi hata na ndizi mbili. Na mimi mfukoni nilikuwa na karanga za kukaanga. Kwenye kopo la tatu wakaanza kubishana na simu, Eliya anasema kulia, Keza anasema kushoto. Nikageuka nikarudi zangu.

Nikalijaza lile kopo mpaka likagoma kufungika. Zilizobaki nikakaa nikala. Akatokea mzungu mzee na mbwa wake, nadhani ndiye mwenye shamba. Akaniuliza jambo, nikamjibu "good." Akauliza lingine, nikamjibu "good." Akakaa, nikamgawia, tukatafuna. Mtu mwema, ila hana meno mengi.

Kumbe wale huko mbele wananiita mpaka sauti zimewakauka, na Eliya ameshashika simu aite polisi. Walipofika, Furaha analia.

"Baba, umepotea?"

"Mimi nimekaa. Aliyekaa anapoteaje?"

"Ulirudi kufanya nini?" Huyo Eliya.

"Kuweka karanga kwenye kopo."

"Karanga za nini?"

"Za kopo."

Wakatazamana. Mtazamo ule naujua. Ndivyo walivyomtazama mama yao alipoanza kutia chumvi kwenye chai badala ya sukari.

Nilitembea mpaka kopo la mwisho, la besiboli, chini ya benchi la uwanja. Wa mwisho, lakini kwa miguu yangu. Eliya anasema haihesabiki kwa sababu nilipotea. Mimi nasema sikupotea. Ndipo Furaha akasema, "Tumuulize shangazi." Wote wakakubali, maana shangazi akishasema imekwisha. Kwa hiyo wewe, uliyekojoa kitandani mpaka ukawa mkubwa, ndiye utakayeamua mimi nilale wapi. Watakupigia mwisho wa mwezi. Simu huku wanaweka sauti ya kusikika nyumba nzima, ndiyo maana haya nimempa mchungaji wetu akuletee, anakuja huko harusini.

Na hili nakuambia wewe tu. Wakati narudi kwenye lile kopo, njia iligawanyika, nikasimama. Mahindi huku na huku yanafanana. Nilisimama zaidi ya nilivyopenda. Halafu nikauona mti. Basi. Libaki kwako.

Msalimie mkoromaji. Msalimie na mjomba Tito fundi baiskeli, na mjane wa kaka yetu, mwambie namwombea. Binti yako mwalimu asiione barua hii, ataisahihisha.

Debora, unakikumbuka kikapu cha jirani, mama Leokadia? Mama alikijaza viazi ukirudishe, ukavila vyote njiani, kikafika kitupu. Mama alipouliza, nilisema ni mimi. Viazi ulikula wewe, fimbo nilikula mimi, na mpaka leo sijakudai. Leo nadai. Wakikupigia wakuulize kama ni akili timamu mzee kurudi porini kwa ajili ya kopo tupu, waambie ndivyo tulivyo kwetu, hakuna hata mmoja anayerudisha chombo kitupu. Hata wewe.

Kaka yako,
Barnaba