Dalacha yuko peke yake

Mashavu weh, nimekufa na aibu!

Leo ilikuwa akika ya mtoto. Nikawaringia wanawake wa Kiorma: mwanangu ni Dalacha, Garsen nzima hakuna mwingine. Si mume wangu Gollo aliniapia ni jina la babu yake aliyechimba kisima?

Mama mkwe akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Babu gani? Dalacha alikuwa fahali wa Gollo, alikufa na kiangazi!"

FAHALI, Mashavu! Mwanangu ana jina la ng'ombe!

Nikamgeukia Gollo pale mlangoni, akanushe. Anatazama viatu.

Mama mkwe hakutosheka. Akampapasa mtoto kichwa kilichonyolewa, akaniambia polepole, "Usilie. Fahali alipokufa, Gollo hakugusa chakula. Wewe ulipopasuliwa hospitali, alimaliza sinia."