Basi la Bukoba au Lori la Kaisho

Jumanne, 1954

Leseni ninayo, sasa sijui niendeshe gari la nani. Kampuni ya Bukoba ina basi jipya, lakini nyumbani nitafika mara moja kwa mwezi. Mzee Rwegasira wa Kaisho ana lori la kahawa linalopita hapa Nyabiyonza kila jioni.

Leo nimelijaribu hilo lori mteremko wa Mabira. Breki hazikushika. Tukaishia ndani ya migomba ya watu.

"Umeona?" mzee akasema. "Limesimama."

Jioni nimemsimulia mke wangu, Koku. Akaendelea kumenya ndizi.

"La Bukoba lina breki?"

"Linazo."

"Nenda Bukoba."

Nikamkumbusha kuwa mtoto atazaliwa sipo.

"Atakukuta hai."

Kesho naondoka. Nilitumaini angebisha kidogo.