Moto wa Baba Mkubwa

Dada Anita, nakusalimu kutoka Inyonga. Hili sijamwambia mtu yeyote: jana nilimsaliti baba mkubwa, tena kwa Kiingereza safi kabisa.

Kuna mgeni amekuja kuwafundisha warina asali mambo ya tabianchi. Mimi, nisiyeweza hata kuomba chumvi mezani kwa aibu, nikafanywa mkalimani. Somo lenyewe: chomeni nyasi mapema, zikiwa bado na ubichi, ili moto wa kiangazi usimalize msitu. Ugunduzi mkubwa! Baba mkubwa alifundishwa hivyohivyo na babu yake, na mwaka jana kwa kosa hilohilo askari wa msitu walimnyang'anya mizinga yote.

"Chomeni mwezi wa tano," mgeni akahimiza.

"Mwambie nyasi hazina kalenda," baba mkubwa akajibu. "Mvua siku hizi zinachelewa. Mimi nazikanyaga, zikilia chini ya mguu ndo nachoma. Halafu mwambie, mwanangu, wanirudishie mizinga."

Wakubwa wa ofisi ya misitu, waliokaa kando ya mgeni, wakanikazia macho. Nikatafsiri: "Anashukuru sana." Wakapiga makofi, wakampa fulana.

"Wamekubali?" baba mkubwa akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu jana anasuka kamba za kutundikia mizinga. Mgeni anaondoka kesho.

Mkumbatie mama. Asali nitawaletea, kama ipo.

Nasikia kandambili za baba mkubwa zinakuja mlangoni. Kadi hii nilikuwa naificha chini ya daftari. Sasa naiacha wazi mezani. Kusoma anajua.